Nyumba ya watu wanne, karatasi ya mtu mmoja

Ndugu washauri,

Salaam na poleni kwa kazi. Mwaka 2017 tulinunua nyumba ya mapumziko kwenye kijiji kimoja kilichotulia milimani, juu ya Soni, wilayani Lushoto. Tulikuwa wanne: kaka yetu mkubwa, mimi, mdogo wangu wa kike na binamu yetu, mtoto wa shangazi. Bei ilikuwa shilingi milioni 36. Kaka alitoa milioni 15, binamu 9, mimi na mdogo wangu 6 kila mmoja. Fedha zote tulimtumia kaka, nyingine kwa benki na nyingine kwa simu, naye ndiye aliyepanda mlima kumlipa mwenye nyumba. Karatasi ya mauziano ikaandikwa jina lake peke yake, ikashuhudiwa na mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili. Hati nyingine hatuna.

Miaka ya mwanzo hapakuwa na neno. Sasa yamekuwa mengi. Binamu anafanya kazi Muscat, hajakanyaga pale tangu 2021, na anataka alipwe fungu lake kwa thamani ya leo. Kaka anasema atamrudishia milioni 9 zake zile zile, tena akatwe gharama ya choo kipya ambacho kaka alikijenga mwaka juzi kwa milioni 2.4 bila kutuuliza. Desemba familia ya kaka hutangulia, wengine tunakuta vyumba vimejaa. Mzee anayetulindia nyumba anadai mishahara ya miezi mitatu. Kila mmoja alidhani mwenzake amelipa. Paa linavuja penye dohani, dari la sebuleni limeota madoa meusi, magodoro yananuka unyevu.

Linalonitisha zaidi ni hili: kaka ana miaka 64 na anaugua kisukari. Watoto wake wanaiita "nyumba ya baba". Sidhani wana nia mbaya, hawajui tu. Kaka ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki, na naona haya kumdai karatasi. Mdogo wangu anasema tuuze yote, tugawane, yaishe. Tufanyeje?

Dada wa kati, Tanga

* * *

Dada yetu,

Msiuze sasa. Tunaelewa kwa nini mdogo wako amechoka, lakini kwa karatasi mliyonayo mnunuzi makini hatatoa bei ya haki, na asiye makini atawaletea kesi. Fedha za mauzo nazo zitapitia tena mkononi mwa mtu mmoja, mambo yawe kama 2017. Ugomvi wenu wa Desemba, wa choo na wa binamu una mzizi mmoja: hakuna mahali palipoandikwa nani ana kiasi gani. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kabla ya hilo, mlipeni mzee wiki hii. Miezi mitatu bila mshahara kwa mtu anayelala na funguo zenu ni dhuluma, hata kama hamkukusudia. Gaweni deni kwa mafungu. Milioni 36 zikigawanywa kwa 12, kila fungu ni milioni 3: kaka ana mafungu 5, binamu 3, wewe 2, mdogo wako 2. Hesabu hiyo ya 5, 3, 2, 2 itawasaidia katika kila jambo lililobaki. Kisha mwandikieni mzee mkataba unaotaja waajiri wote wanne, kiwango kisichopungua kima cha chini cha kisheria, siku 28 za likizo kwa mwaka na michango ya NSSF, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hubeba angalau nusu. Andikeni pia kwamba anaishi kwenye banda na analima bustani kama sehemu ya kazi, kwa ruhusa yenu. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12 kisheria, na mtu aliyekaa muda mrefu bila karatasi huacha watoto wasiojua alikaa kwa msingi gani. Mkataba unamlinda yeye na unawalinda ninyi.

Sasa karatasi. Nyumba yenu ikiwa kwenye ardhi ya kijiji, inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwenyekiti wa kitongoji ni shahidi mzuri, ila hana mamlaka ya kuidhinisha mauzo. Mamlaka iko kwa halmashauri ya kijiji, na ugawaji wa ardhi unahitaji kwanza ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Kwa hiyo mtafuteni mtendaji wa kijiji, mwombe kuangalia mihtasari ya vikao vya 2017. Mauzo yenu yakionekana humo, ombeni nakala yenye mhuri. Yasipoonekana, pelekeni maombi ya maandishi yajadiliwe kikaoni, mkiwa na muuzaji mwenyewe au warithi wake pamoja na wale majirani wawili. Muuzaji akiwa hai, msichelewe hata mwezi.

Wakati huohuo ulizeni kama eneo limeshatangazwa kuwa la mipango miji, maana hapo utaratibu unabadilika na mtaomba hati ya kawaida, yenye muda maalumu na pango la ardhi la kila mwaka. Na jueni mnapokwenda: wilaya ya Lushoto ina halmashauri mbili, ya Lushoto na ya Bumbuli. Watu wa upande wa Soni hupanda mpaka Lushoto mjini kufuatilia faili ambalo liko Bumbuli. Mtendaji wa kata atawaambia mko upande gani.

Kijiji kikikubali, ombeni hati miliki ya kimila yenye majina manne na mafungu yake. Watakuja kuhakiki mipaka, na kila jirani atasimama kwenye kona yake. Kabla ya siku hiyo zungukeni na mzee mkague masale, ile mimea inayopandwa mipakani. Yakiwa yamekufa au yameng'olewa, pandeni mapya mbele ya jirani husika, si nyuma yake. Hati husainiwa na mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na ninyi wenyewe, kisha ofisi ya ardhi ya wilaya huisaini, huigonga mhuri na kuisajili. Hati isiyosajiliwa wilayani bado haijakamilika, na hapa ndipo wengi huacha kazi njiani. Jambo jingine la kujua: ardhi ya kimila isiyotumika kwa miaka mitano au zaidi inaweza kutangazwa kuwa imetelekezwa. Mzee anayeishi pale na bustani yake ni kinga yenu.

Hayo yote yanaweza kuchukua miezi, na kaka yako ana miaka 64. Kwa hiyo kuna karatasi moja ya kutangulia, ambayo inawezekana ndani ya wiki mbili: tamko la kaka mbele ya wakili, kwamba jina lake liko kwenye karatasi ya mauziano kwa niaba ya watu wanne. Liandikwe jina la muuzaji, tarehe, bei, fedha ya kila mmoja, mafungu 12 na mgawo wake, na ahadi ya kuingiza majina yote kwenye hati. Ambatisheni taarifa za benki na za simu za 2017. Ziombeni sasa, kwa sababu kumbukumbu za miamala hazitunzwi milele. Wasaini wote wanne, na mke wa kaka na mtoto wake mmoja mtu mzima wasaini kama mashahidi. Hao wawili ni muhimu kuliko mashahidi wengine wote. Kaka akitangulia bila tamko hili, msimamizi wa mirathi ataorodhesha nyumba nzima kuwa ya marehemu, nanyi mtalazimika kuweka pingamizi mahakamani dhidi ya watoto wa kaka yenu, siku za msiba bado mbichi. Lipieni ushuru wa stempu, kwani hati ambayo haikulipiwa haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe. Toeni nakala halisi tano: moja kwa kila mwenye fungu, moja kwa wakili.

Kuhusu haya yako, tunaiheshimu. Kaka aliyewalea haendewi na wakili mkononi. Nendeni wewe na mdogo wako nyumbani kwake, mke wake akiwepo, mzungumze baada ya chakula. Maneno yawe haya: "Kaka, wewe ndiye uliyetukusanya tukapata nyumba hii. Tunaomba utuandikie wewe mwenyewe, ungali na nguvu zako, ili watoto wako na wetu wasije kukosana." Msitaje ugonjwa wake, msitaje Desemba, wala choo. Wakili aje siku nyingine, kwa mwaliko wa kaka. Wakubwa wengi hukubali wakiombwa hivi, na hukataa jambo hilohilo likija kama shtaka.

Binamu. Kwa haki, kaka hayuko sahihi hapa. Binamu hakumkopesha mtu milioni 9. Alinunua mafungu 3 kati ya 12 ya nyumba, na kama bei ingeshuka angeshuka nayo. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa, aandike thamani ya soko, gharama yake mgawane kwa mafungu. Akisema, kwa mfano, milioni 60, kila fungu ni milioni 5 na binamu ana milioni 15. Tofauti na milioni 9 ni kubwa mno kuipitisha kwa maneno ya undugu.

Lakini binamu naye ana deni. Choo kilichooza kikajengwa upya ni ukarabati wa lazima, na gharama yake ni ya wote kwa mafungu hata kama kaka hakuuliza, ilimradi ana risiti. Milioni 2.4 kwa 12 ni 200,000 kwa fungu: kaka abebe 1,000,000, binamu 600,000, wewe na mdogo wako 400,000 kila mmoja. Kama choo cha zamani kilikuwa kizima na kaka alitaka cha kupendeza zaidi, asidai sasa. Angoje nyumba itakapouzwa, ahesabiwe kile tu ambacho choo kimeongeza kwenye bei. Binamu anadaiwa pia mshahara wa mlinzi na matengenezo tangu 2021. Kutolala pale hakumwondolei gharama hizo, maana mvua haichagui fungu la mtu. Umeme na gesi ambavyo hakuvitumia hadaiwi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 159, inaweka kanuni nzuri ya kuiga kwenye mkataba wenu hata hati ikiwa ya kimila. Mwenye fungu hawezi kuliuza kwa mtu wa nje bila ridhaa ya maandishi ya wenzake, nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana. Na mwenye fungu akifariki, fungu lake linakwenda kwenye mirathi yake, haliwaangukii wenzake. Ongezeni muda: anayetaka kuuza awape wenzake siku 60 za kununua kwa bei ya mthamini, kila mmoja kwa uwiano wa mafungu yake, kabla ya kutafuta mtu wa nje. Malipo yanaweza kuwa theluthi mwanzoni na iliyobaki ndani ya miezi 18, benki kwa benki, na fungu lihame siku ya malipo ya mwisho tu. Ulizeni TRA mapema: mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida ya mauzo, na risiti za ukarabati hupunguza faida inayotozwa. Binamu asaini hati ya uwakilishi kwenye ubalozi wa Tanzania Muscat, na mwakilishi wake asiwe mmoja wa wanunuzi.

Wewe na mdogo wako jitahidini mnunue angalau fungu moja kila mmoja. Kaka akichukua yote matatu atakuwa na 8 kati ya 12, na maamuzi ya wingi wa mafungu yatakuwa yake peke yake. Kwa vyovyote, mkataba useme kwamba kuuza nyumba, kuiweka rehani au kuongeza jengo kunataka sahihi za wote.

Mfuko uwe wa pamoja, ama akaunti ya benki yenye watia sahihi wawili kati ya watatu, ama kikundi cha M-Koba, akiba ya pamoja kwa simu. Tuseme bajeti ya mwaka ni milioni 3.6: fungu moja ni 300,000, hivyo kaka 1,500,000, wewe 600,000. Lipeni kila robo mwaka, na anayedaiwa robo mbili asipangiwe wiki mpaka amalize. Gharama za nyumba kuwapo, yaani mshahara, rangi, paa na kodi, zinafuata mafungu. Gharama za kuitumia zinamfuata mtumiaji: andikeni usomaji wa mita ya LUKU siku ya kuingia na ya kutoka, kwenye daftari linalokaa jikoni. Kama mita yenu inakatwa kodi ya jengo, kumbukeni inajilimbikiza nyumba ikikaa miezi bila kununua umeme, na anayenunua wa kwanza hukatwa ya miezi yote. Hiyo irudishwe kutoka mfukoni, ni deni la wote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba ya likizo hupotea hivyohivyo, kidogo kidogo, kwa vocha za umeme na mitungi ya gesi.

Wiki za kukaa zigaweni hivi. Mwaka una wiki 52. Ondoeni 4 za ukarabati, mbili mwisho wa Februari kabla ya masika na mbili Septemba kabla ya vuli. Zinabaki 48, wiki 4 kwa fungu: kaka 20, binamu 12, ninyi 8 kila mmoja. Ila wiki si sawa. Wiki ya Aprili ya ukungu na tope haiwezi kulinganishwa na ya Krismasi. Kwa hiyo wiki za thamani (Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka, Idd, likizo ya Juni) zisichaguliwe kwa wingi wa mafungu bali kwa zamu: wa kwanza mpaka wa nne, kisha mzunguko wa pili uanze na wa nne kurudi kwa wa kwanza. Mwaka unaofuata aliyekuwa wa kwanza anakwenda mwisho. Idd isipangwe kwa namba ya wiki, kwani huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka. Ratiba ifungwe ifikapo mwisho wa Oktoba. Kubadilishana ni Jumamosi, kutoka kabla ya saa 5 asubuhi na kuingia kuanzia saa 9 alasiri, ili mzee apate muda wa kufua na kukagua. Asiyetumia wiki yake aseme siku 21 kabla, achukue mwingine.

Paa halisubiri hati. Dohani huvuja kwa sababu mafundi wengi huziba ungio lake na bati kwa saruji tupu. Bati hutanuka juani na kusinyaa usiku wa baridi, saruji haifuati, inapasuka. Kuongeza saruji juu ya saruji ni kupoteza fedha. Fundi aibandue yote, achimbe mfereji wa milimita 25 kwenye ukuta wa dohani, aingize bati lililokunjwa linalopanda ukutani milimita 150 na kulala juu ya paa milimita 150, kisha ajaze mfereji kwa gundi ya paa inayonyumbulika. Upande wa juu wa mteremko bati hilo lipite chini ya bati la paa, upande wa chini lipite juu. Akigeuza, maji yataingia moja kwa moja. Dohani likiwa pana kuzidi sentimita 75 linahitaji kituta cha bati upande wa juu cha kugawa maji kushoto na kulia. Akague misumari pia: iliyolegea aing'oe, aweke skrubu zenye mpira, kwenye mgongo wa bati na si bondeni.

Dari lisipakwe rangi kabla ya paa kupona. Madoa myasafishe kwa jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, madirisha wazi, glavu mkononi, na jiki isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya usafi. Magodoro yasimamishwe mbali na ukuta nyumba inapofungwa, na mzee afungue madirisha kuanzia saa 4 mpaka saa 9 siku zisizo na ukungu. Bila hivyo hata magodoro mapya yatanuka ndani ya msimu mmoja wa baridi. Na dohani likiwa bovu watu hushawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa Julai. Katazeni kabisa, liandikwe mlangoni: gesi yake haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Fundi akimaliza, mzee apande na ndoo amwage maji kuanzia chini ya dohani kwenda juu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi anaangalia kenchi. Bakizeni asilimia 15 ya ufundi mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite.